Disketi Iliyolala Kibuyuni

Vijana, nitaanza kwa kujisifu, kwa sababu nikingoja nyinyi mnisifu nitangoja sana. Nina diploma ya elektroniki. Iko ukutani ndani ya fremu ya kioo, na kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Kitengela huiona kabla hajaniona mimi. Nimefungua kompyuta Kitengela, Kajiado, Kiserian, Nkoroi na Magadi, nyingi kuliko mbuzi niliokula, na mimi ni Mkamba, mbuzi sikuwahi kumkataa. Nyingi zilifufuka. Zilizokataa nilizizika mwenyewe bila kumlaumu mwenye mali.

Nyinyi mnaotengeneza simu pale stendi huniuliza ni kifaa gani kilinisaidia zaidi. Mnatarajia nitaje mashine ya bei. Kifaa changu cha kwanza kilikuwa raba ya kufutia penseli.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Magadi, mfanyakazi wa kiwanda, aliyekuwa na kompyuta nyumbani kwake. Ukiiwasha ilikuwa inalia pii, pii, pii, na skrini inabaki nyeusi. Mafundi wawili walishamwambia amekwisha kufiwa. Kule Magadi joto na vumbi la chumvi hula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Nilichomoa kile kibao kidogo cha kumbukumbu, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba mpaka yakang'aa, nikakirudisha. Kompyuta ikawaka.

Yule bwana akaitazama raba, kisha akanitazama mimi.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo na diploma," nikamwambia.

Kifaa cha pili kilikuwa pampu ya baiskeli. Kitengela ya miaka ile haikuwa hii yenu ya ghorofa. Ilikuwa nyasi, upepo, udongo mweusi, na pundamilia waliokuwa wakipita nyuma ya kibanda changu kama wateja wasionunua. Vumbi la msimu wa kiangazi, pamoja na lile la saruji kutoka upande wa Athi River, lilijaa ndani ya mashine mpaka feni ikashindwa kuzunguka. Unashika feni kwa kidole isizunguke, unapiga pampu, unapeleka mashine kwa mwenyewe. Usipoishika, ile hewa huizungusha kwa kasi isiyo yake na inakufa. Hiyo hamkufundishwa mahali popote, mmeisikia kwangu.

Nilirudi kutoka Gaborone katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimekaa Botswana miaka sita nikitengeneza kompyuta za maofisi. Nilishuka na masanduku mawili: moja la nguo, lingine la bisibisi, nyaya, na disketi zaidi ya mia moja. Kwa nyinyi wadogo, disketi ni kile kitu cha mraba cha plastiki ambacho mnakijua kama ile picha ndogo ya kuhifadhi kazi kwenye skrini. Ndani yake kuna duara jembamba jeusi, laini kama utando wa kitunguu, na hapo ndipo kazi yako ilipoandikwa.

Shemeji yangu Musyoka alikuja kunipokea. Alifungua lile sanduku la pili, akapekua, akalifunga.

"Wengine wakitoka nje wanarudi na gari," akasema. "Wewe umerudi na bisibisi."

"Gari huzeeka, shemeji."

"Na bisibisi je?"

"Bisibisi inanunua gari."

Alicheka mpaka akakohoa. Miaka mitatu baadaye alinijia na kompyuta ya watoto wake kifuani, akaniita bwana fundi, na nilikuja kumrudisha kwake kwa gari langu. Sisemi zaidi.

Mwalimu wangu wa kweli sikumpata chuoni. Alikuwa mama mmoja wa Gaborone tuliyemwita Mma Tebogo, mnene, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa na rula ya mbao. Ukinyoosha mkono kwenye mashine kabla hujaitazama vizuri, rula inakushukia vidoleni. "Jicho kwanza," alikuwa akisema, "mkono baadaye." Nililisikia neno hilo kila siku kwa miaka sita. Mtaona jinsi nilivyolisahau siku ambayo sikupaswa kulisahau.

Lakini kwanza niwape ya Mama Kioko, kwa sababu ni kosa langu na ni ushindi wangu, vyote pamoja.

Mama Kioko alikuwa jirani, mumewe akifanya kazi kiwanda cha saruji. Walinunua kompyuta ya mitumba kwa ajili ya watoto. Kila baada ya siku chache ilikuwa inazima yenyewe. Nikaichukua, nikabadilisha sanduku lake la umeme, nikairudisha. Ikazima. Nikaichukua tena, nikafuta kila kitu na kuweka programu upya. Ikazima.

"Fundi, ile kitu imezima tena," Mama Kioko akaniambia, mtoto mgongoni.

"Mama Kioko, kwangu imekaa siku tatu ikiwaka bila kuzima hata mara moja."

"Basi inakupenda wewe."

Nilienda kwake mara tatu nikiwa nimemwarifu, na kila mara nilikuta mashine imekaa mezani safi, inameta. Mara ya nne nilipita bila kumwarifu, nikitoka kwa jirani mwingine. Nikaikuta imevaa. Kitambaa cha kushona kwa mkono, chenye maua ya waridi, kilikuwa kimefunika skrini. Kingine kilikuwa kimelivisha lile sanduku kubwa mbele, pembeni na nyuma mpaka mezani, kama bibi harusi. Na ndani ya mavazi hayo mashine ilikuwa inafanya kazi, watoto wanacheza.

"Mama Kioko, mbona hukuniambia unaifunika?"

"Mgeni akija si natoa? Ulitaka uone kitambaa ya kila siku?"

"Na ikiwa inawaka?"

"Nafunika. Hata televisheni nafunika na haijawahi zima. Labda shida ni ya fundi."

Nilikuwa nimebadilisha kila kitu katika mashine ile isipokuwa nguo zake. Mashine ilikuwa inazima kwa joto. Nikamwomba Mama Kioko ashone vitambaa vyenye dirisha nyuma na pembeni, mahali pa kupumulia, nikampimia kwa futi. Alishona. Jirani akaviona, akataka. Ndani ya mwaka mmoja ungeingia nyumba nyingi za Kitengela ukakuta kompyuta imevaa kitambaa chenye dirisha. Hakuna duka la Nairobi lililokuwa na kifaa kama hicho. Kilibuniwa hapa, na mmoja wa wabunifu alikuwa na diploma.

Baada ya hapo kila mteja wangu wa nyumbani alipata fungu la vitu bila kuulizwa: stabilaiza ya kutuliza umeme, kitambaa chenye dirisha, disketi ya kuua virusi, disketi ya michezo ya kufundisha kuchapa, na mahubiri. Mahubiri yalikuwa mafupi: kazi yako weka nakala mbili. Niliyahubiri kama mchungaji anavyohubiri toba. Nakala mbili, nakala mbili. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Mwalimu Silantoi wa Kajiado, na kusikiliza kwake nusura kuniangushe.

Silantoi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mke wa bwana mmoja mfugaji aitwaye Parsaloi. Kompyuta yake nilimuuzia mimi. Alikuwa mtu wa kuipenda kweli, si wa kuiweka iwe pambo. Alijua kuifungua, alijua kubadilisha utepe wa printa, na kila nilipofika Kajiado alikuwa na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, upande wao ardhi ya pamoja ilikuwa inagawanywa. Familia nyingi zilikuwa zimeimiliki kama kundi moja, na sasa kila mwenye jina kwenye orodha angepewa kipande chake. Orodha ya zamani ilikuwa na majina ya wanaume. Mwanamume akifa, jina linafutwa, na mjane anabaki kuwa mgeni wa watoto wa shemeji zake. Silantoi aliingizwa kwenye kamati kwa sababu alijua kuchapa. Alipoingia, akauliza wajane wataandikwa wapi. Wakamwambia walete majina yao, wakidhani hakuna atakayezunguka kuyatafuta. Alizunguka mwaka mzima, boma kwa boma, wikendi na likizo. Akapata wajane arobaini na wawili: jina, namba ya kitambulisho, marehemu ni nani, na alama ya kidole gumba cha shahidi.

Yote aliyaandika kwenye daftari, kisha akayachapa kwenye kompyuta, isipokuwa alama za vidole. Daftari akampa mzee mmoja wa kamati alihakikishe. Mzee akasema amelihakikisha. Alipoulizwa liko wapi, akasema ng'ombe, safari, mambo mengi, halionekani.

Mkutano wa kupitisha orodha ulikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Silantoi alishuka mbele ya kibanda changu na lile sanduku la kompyuta, amelifunga kwa shuka.

"Fundi, haiwaki kabisa. Na inanuka."

Nilifungua. Harufu iliniambia kabla ya jicho. Stima ya Kajiado ilikuwa imepotea na kurudi kwa nguvu, ikachoma kila kitu mpaka diski kuu ya ndani. Kile kibao chake kilikuwa na shimo jeusi.

"Stabilaiza ilikuwa wapi?"

Alitazama chini. "Shemeji alichomoa aweke kwa televisheni. Kulikuwa na mpira."

"Walishinda?"

"Walifungwa," akasema. "Sasa fundi, usinipoteze. Nisipoleta majina Jumamosi, orodha inapita bila wao. Na siwezi zunguka tena. Hii ukame imewatawanya, wengine wamehama na ng'ombe mpaka sijui wapi. Ikishapita, ni kortini, na hao akina mama korti wataijulia wapi?"

"Nakala si unazo?"

Hapo uso wake ukafunguka kidogo. "Ziko. Mbili, kama ulivyosema. Niliweka mahali salama sana. Ziko kwa mama mkwe."

Vijana, nilifurahi. Nikamwambia tulia, hii kazi imeisha. Nikapakia kompyuta yangu mwenyewe, vifaa vyangu na kaptula ya kulalia, na Ijumaa asubuhi tukawa Kajiado, kisha kwa miguu mpaka boma la mama mkwe wake, nje kidogo ya mji.

Bibi huyo alikuwa mjane, mrefu, mkavu, macho makali, shanga zimejaa masikioni. Watu wote walimwita mama ya Parsaloi, nami nilimwita koko, yaani nyanya, kama wajukuu zake.

"Takwenya, koko," nikamsalimu kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia, akanipa kigoda.

Silantoi akamweleza tulichokuja kuchukua. Bibi akainama akaingia nyumbani, akatoka amekumbatia kibuyu chenye kifuniko cha ngozi. Akakifungua polepole, akatia mkono, akatoa disketi ya kwanza, kisha ya pili. Zilinuka moshi na maziwa.

Silantoi alishika mdomo.

"Yeyo, mama, uliweka ndani ya kibuyu?"

"Uliniambia nini?" bibi akamuuliza. "Uliniambia majina yetu iko ndani ya hii, nitunze. Kitu ya maana inatunzwa wapi? Nilichukua kibuyu mzuri, nikachoma oloirien, nikasafisha kibuyu na makaa yake mara tatu. Hata maziwa hapo inakaa siku mingi haiharibiki. Panya haiwezi. Watoto hawawezi. Mwanaume hawezi."

Kwa wasiojua: oloirien ni mzeituni wa porini. Wamasai husugua kibuyu kwa ndani kwa kijinga chake chenye moto, na ule moshi na masizi ndiyo hutunza maziwa na kuyapa ladha. Bibi hakukosea kwa ujuzi wake. Alizitunza disketi zile kwa utaalamu wote aliokuwa nao, kuliko mteja wangu yeyote. Mimi niliyesema nakala mbili ndiye niliyesahau kusema zikae mahali pawili. Tangu siku hiyo mahubiri yangu yana sentensi ya pili.

Tulirudi kwa Silantoi mjini. Bibi akaja nasi, hakukubali kuachwa. Parsaloi alikuwepo, na majirani wawili watatu waliosikia fundi wa Gaborone amekuja. Nikapanga kompyuta yangu mezani. Watu wakitazama, mimi huwa hodari kupita kiasi. Hiyo ni aibu yangu na bado sijaiponya. Nikapangusa disketi ya kwanza kwa shati langu.

"Dakika mbili," nikasema. Nikaisukuma ndani.

Mashine ilitoa sauti kama jembe linalokwaruza mwamba. Nikabonyeza kitufe kuitoa, lakini ilikuwa imeshazunguka vya kutosha. Nikasogeza kile kidirisha cha bati kwa ukucha. Juu ya duara jeusi kulikuwa na pete inayong'aa, imekwanguliwa mpaka plastiki. Masizi na mafuta ya maziwa yalikuwa yamegeuka msasa. Pale penye pete hapakuwa na jina la mtu tena.

Halafu Parsaloi akauliza, kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza:

"Fundi, hiyo ndiyo diploma?"

Silantoi alienda akasimama mlangoni, ametupa mgongo. Bibi alinitazama tu. Nilijua kuna wajane arobaini na wawili waliokuwa na nakala mbili asubuhi, na sasa wana moja, na aliyewapunguzia ni mimi. Rula ya Mma Tebogo niliisikia vidoleni, mbali kote kule.

Nikazima kompyuta. Nikatoka nje kwenye mwanga na ile disketi ya pili, nikakaa kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikatazama. Nilifungua kidirisha, nikalizungusha duara kidogo kidogo kwa kidole katikati, upande huu, upande ule. Masizi. Utando wa mafuta. Lakini chini yake uso ulikuwa mzima, haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ulikuwa mchafu tu. Na kitu kichafu dawa yake inajulikana na kila mama.

Nikarudi ndani.

"Parsaloi, nenda kituo cha mafuta uniletee maji ya betri. Yale safi ya kuongezea. Wakikupa asidi, rudisha. Mwalimu, nataka beseni mbili ambazo hazijawahi kuona mafuta, na sabuni ya kuoshea vyombo."

"Ya nini?" akauliza Silantoi.

"Nataka kuiosha."

"Unataka kuosha kompyuta?" akasema jirani mmoja, na akavuta kiti karibu asikose kitu.

Hawakujua, na nyinyi hamjui, kwamba maandishi ya disketi hayakai kama wino. Yanakaa kwa sumaku, na sumaku haiogopi maji. Inaogopa sumaku nyingine, na kukwaruzwa. Maji ya bomba ya Kajiado yana chumvi, yakikauka huacha ukoko mweupe. Ndiyo sababu nilitaka ya betri.

Nilianza na ile disketi iliyokufa. Nikaipasua taratibu kingo zake kwa wembe, nijue imeunganishwa wapi na wapi si pa kugusa. Ikanifundisha. Kisha nikapasua disketi mpya, yangu, iliyokuwa na michezo, nikatupa duara lake nikabaki na ganda safi. Ndipo nikaipasua ya bibi.

Duara lile nililishika katikati tu, kwenye kile kibati cha duara. Nikalitia kwenye beseni la maji na matone mawili ya sabuni, nikaliyumbisha. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikalipangusa kwa pamba laini kutoka katikati kwenda nje, kwa uzito wa pumzi, bila kulizungusha. Nikalisuuza mara tatu kwenye maji ya betri. Bibi alikuwa amesogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Usisugue sana," akaniambia. "Kibuyu inasuguliwa. Jina haisuguliwi."

"Sisugui, koko."

Likabaki kukaushwa, na hapo kukawa na tatizo la Kajiado: vumbi. Kulifuta kwa kitambaa ni kulikwaruza. Kulianika nje ni kulizika. Nikauliza kama wana chandarua. Parsaloi akaniongoza chumbani kwao. Ndivyo mtu mzima mwenye diploma alivyokaa saa mbili za alasiri juu ya kitanda cha watu wenye ndoa, ndani ya chandarua, ameshika uzi ulioning'iniza duara jeusi, hathubutu kukohoa. Majirani walipita mlangoni mmoja mmoja kuangalia.

"Anaatamia," nikasikia mmoja akisema.

Lilipokauka nililitia kwenye ganda jipya, nikafunga kingo kwa selotepu. Nikasafisha kichwa cha kusomea ndani ya mashine kwa pamba na spiriti, kwa sababu kilikuwa bado na uchafu wa ile ya kwanza. Safari hii sikusema dakika mbili.

Nilikuwa na programu moja ndogo kutoka Gaborone, isiyo na picha wala rangi, herufi nyeupe tu. Kazi yake ni kunakili disketi mbovu. Zile za kawaida zikikuta kipande kisichosomeka hukata tamaa na kukuandikia kosa. Hii haikati tamaa. Inajaribu tena, inarudi nyuma, inajaribu kutoka upande mwingine. Nikaiwasha, nikasukuma disketi. Ikazunguka kimya.

Namba zikaanza kupanda. Moja, mbili, tatu. Zilipofika katikati zikasimama. Mashine ikawa inagonga, tik, tik, tik. Silantoi alishika kona ya meza. Nikatoa, nikasafisha kichwa tena, nikarudisha. Tik, tik. Kisha ikaruka mbele, ikaendelea, ikasimama mara nyingine mbili, ikaendelea, ikafika mwisho. Nikafungua faili.

Silantoi alinisukuma nitoke kwenye kiti chake. Alisoma kimya, kidole kwenye skrini, midomo inacheza, mpaka jina la arobaini na mbili. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Yako yote?" Parsaloi akauliza.

"Yote."

Parsaloi akanigeukia. "Fundi, nilisema kitu kuhusu diploma. Nairudisha."

Nikaipokea. Nikachapa nakala tatu kabla jua halijazama. Utepe wa printa ulikuwa umekauka, nikauamsha kwa tone la mafuta ya cherehani. Jaribuni siku mkikutana na printa ya zamani. Nakala moja akalala nayo Silantoi, moja akaenda nayo bibi, moja nikalala nayo mimi, nyumba tofauti.

Jumamosi tulikuwa kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa mbele, isipokuwa Parsaloi aliyekwenda kunywesha ng'ombe, na wanawake pembeni chini. Mimi nilisimama nyuma, mgeni asiye na kura, nikiwa nimevaa tai. Mwenyekiti alikuwa na orodha ya zamani mkononi, tayari kuipitisha. Silantoi akasimama, akaweka karatasi zake mezani. Yule mzee wa daftari alizitazama kama mtu aliyeona marehemu akipita sokoni.

"Hayo majina si yalipotea?" akasema.

"Yalipatikana," Silantoi akamjibu.

"Yametoka kwa mashine. Mashine inaweza andika hata watu hawako."

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akafikiri, akaamua karani wa mkutano ayasome kwa sauti, na mwenye jina akiwepo asimame aonekane. Asiyekuwepo na hakuna anayemjua, afutwe.

Karani akasoma jina la kwanza: "Nolmeyoki."

Watu wakatazamana. Akarudia. Hakuna aliyesimama.

"Ni nani huyo?" mwenyekiti akauliza. "Kuna mtu anamjua Nolmeyoki?"

Wazee wakatikisa vichwa. Yule wa daftari akatabasamu. Nilimtazama Silantoi, nilidhani atasema kitu, lakini alikuwa amefunga mdomo kama kufuli. Baadaye aliniambia: "Kama ningemjibia yule wa kwanza, wangesema nimewajibia wote arobaini na wawili."

"Basi futa," mwenyekiti akasema. Karani akashika kalamu.

"Ngoja."

Sauti ilitoka chini pembeni. Koko alikuwa anainuka, polepole, akijishikilia bega la mwenzake, shanga zikilia. Alikuwa na nakala yake imekunjwa kifuani.

"Ni mimi," akasema. "Miaka arobaini mnaniita mama ya Parsaloi. Kabla ya hapo mliniita bibi ya Sayianka, mume wangu. Hata mimi nimesikia hilo jina nikafikiria ni la mtu mwingine." Akamtazama yule mzee wa daftari. "Wewe ulikula ng'ombe ya harusi yangu. Uliambiwa unakula ng'ombe ya nani?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikawafikia wanaume. Mzee akatazama viatu vyake. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama bibi kama anayemwona leo, kisha akamwambia karani aweke kalamu chini.

"Yupo," akasema. "Soma anayefuata."

Anayefuata alisimama kabla jina lake halijaisha kusomwa.